Jina la Umma, Jasho la Wabembe

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora haikukomea Ujiji. Ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, na Kiswahili kikavuka nayo. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walivukia Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Uasi uliposhindwa, Laurent Kabila aliunda Chama cha Mapinduzi ya Umma, PRP, Desemba 1967, katika milima ya Fizi, nchi ya Wabembe.

Wapo wasomi wasemao kuwa chama hicho kilikuwa tunda la Marx. Sikubaliani nao. Marx alikuwamo katika hati. Milimani chama kilibebwa na uchungu wa Wabembe, watu wachache waliochoka kuonewa na askari wa serikali ya mbali. Pasipo uchungu huo kisingalidumu.

Basi Wabembe walilipwa nini? Walichimba dhahabu, nayo ikauzwa kwa magendo ng'ambo ya ziwa, huku kiongozi akikaa muda mrefu Dar es Salaam. Mwaka 1975 wapiganaji wake waliteka watafiti wanne huko Gombe, wakadai fidia. Je, huo ndio ukomunisti? Kula jasho la mkulima ni unyonyaji, hata bendera ikiwa nyekundu. Chama kilishambulia Moba mwaka 1984 na 1985, kisha kikanyauka, maana wengi waliokibeba walikwisha kukitua.

Mwanafunzi asiulize chama kilijiitaje. Aulize nani alilima, na nani alikula.