UFUGAJI NYUMBANI: JE, JOGOO AWEZA KUMZUIA MWEWE?

Huko Munkunyu, wilayani Kasese, magharibi ya Uganda, kuku wengi hujitafutia chakula uani na kandokando ya mashamba. Mbuga ya Queen Elizabeth iko jirani, nao ndege wakali hawajui mpaka. Kifaranga anyakuliwapo, nyumba hupungukiwa: huenda huyo ndiye angaliuzwa ili mtoto apate daftari.

Wengi humtegemea jogoo. Kazi yake hasa ni ya askari wa zamu. Huinamisha kichwa upande, jicho moja likitazama juu, na amwonapo mwewe hutoa mlio mrefu, usiofanana na makelele yake aonapo paka au nguchiro. Kuku wausikiapo hukimbilia maficho. Wako majogoo wamrukiao adui, lakini mwewe hushuka ghafula, akanyakua na kupaa kabla pigano halijaanza.

Basi jogoo huonya. Kulinda peke yake hawezi. Tena onyo halina faida pasipo mahali pa kujificha. Mfugaji na aache vichaka au migomba karibu na uani, ajenge kichanja kifupi cha matawi, na vifaranga awafunike kwa tenga pamoja na mama yao katika majuma ya kwanza, ambayo ndiyo ya hatari zaidi. Jogoo 1 kwa mitetea 10 yatosha. Majogoo wakizidi hupigana wao kwa wao na kuliacha lindo. Wala mwewe asiuawe, maana hula pia panya wamalizao nafaka ghalani.