Kijana mwenye kisukari asikabidhiwe maradhi yake kwa siku moja



Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka minane alipogunduliwa kuwa na kisukari, kile cha aina ya kwanza ambacho huwapata zaidi watoto na vijana. Kwa muda wa miaka kumi, mama yake, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, ndiye aliyejua kila jambo: ni yuniti ngapi za insulini asubuhi na ngapi usiku, ni chupa ipi ya kufanya kazi haraka na ipi ya kudumu mwilini muda mrefu, tarehe ya kliniki ni lini, na namna ya kuhifadhi chupa hizo ndani ya mtungi wenye mchanga uliorowana pale umeme unapokatika. Daftari la vipimo lilikaa mkobani mwa mama, si mfukoni mwa mtoto. Alipotimiza miaka kumi na minane, kliniki ya watoto ilimpa karatasi yenye mistari miwili, akaambiwa kuanzia mwezi unaofuata aende kwa wakubwa.

Alikwenda peke yake, kwani kijana wa umri huo huona haya kufuatana na mama. Alijikuta kwenye benchi moja na wazee wa rika la babu yake, mmoja amekatwa mguu, mwingine nuru ya macho imekwisha. Alipoingia ndani, daktari alimwuliza anatumia kiasi gani cha dawa. Baadaye aliniambia, “Mjomba, niligeuka nyuma kumtafuta mama anijibie.” Hakurudi tena katika kliniki ile kwa miezi saba. Insulini akawa anaipata kwa kubahatisha, na ilipopungua alipunguza sindano ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Alipoanza kutapika na kuhema kwa nguvu, sisi nyumbani tulidhani ni malaria. Tulimfikisha hospitali akiwa hajitambui, na alhamdulillahi alipona.

Simsimulii hayo msomaji ili kuilaumu hospitali wala kumlaumu dada yangu. Nayasimulia kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wazazi wengine wenye watoto wa namna hiyo, na karibu kila mmoja ananipa kisa chenye umbo lile lile: mtoto aliyeangaliwa vizuri mno hadi siku moja, kisha siku ya pili yake hana mtu.

Inafaa kwanza tukumbuke kwamba tatizo hili ni zao la neema. Kabla ya mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipogundua insulini huko Toronto, Canada, mtoto mwenye maradhi haya hakuwa na utu uzima wa kuuzungumzia. Mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo, Januari 1922, alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa amekonda akisubiri mauti. Naye aliishi miaka mingine 13. Katika nchi zetu watoto wengi waliendelea kufariki muda mrefu baada ya hapo, wengine bila hata kujulikana wameuawa na nini. Hali imeanza kubadilika. Mwaka 2008 kilianzishwa mjini Nairobi kituo cha kuwafunza madaktari wa watoto wa Afrika elimu ya magonjwa ya homoni, na waliohitimu hapo wamerudi makwao kuwatibu watoto. Kwa hiyo watoto sasa wanakua. Lakini mlango wa upande wa pili, ule wa watu wazima, haukutengenezwa kwa ajili yao. Kliniki za kisukari za watu wazima zimejaa wagonjwa wa aina ya pili, ambao wengi wao wanatumia vidonge na ambao kongosho lao bado linatoa insulini kidogo. Kijana wetu kongosho lake halitoi kitu. Akikosa sindano siku chache tu, anaweza kufa.

Wala si kisukari peke yake. Wapo watoto ambao tezi zilizo juu ya figo zao hazitengenezi homoni ya kuuwezesha mwili kustahimili maradhi. Hao wakipata homa hulazimika kuongeza dozi kama walivyoelekezwa, na wakitapika wasiweze kumeza dawa, basi ni haraka ya kwenda hospitali kudungwa. Wapo mabinti ambao tezi ya shingo haifanyi kazi ipasavyo, na wakishika mimba dozi yao ya kidonge huhitaji kuongezwa mapema kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nani atamwambia binti huyo, iwapo mara ya mwisho kuonana na daktari aliyemjua alikuwa bado anavaa sare za shule?

Ama sisi Waislamu, katika jambo hili hatuna udhuru wa kusema hatukufundishwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya sita, walezi wa mayatima wameelekezwa namna ya kuwakabidhi mali zao. Tazama utaratibu wake. Hawakuambiwa wasubiri yatima abaleghe kisha wamtupie mali mikononi. Wameambiwa wawajaribu kabla, mpaka wafikie umri wa kuoa. Kisha wakiona wamepevuka kiakili ndipo wawape mali yao. Na wanapowapa waweke mashahidi. Hapo kuna mambo matatu: majaribio, upevukaji na mashahidi. Ikiwa hivyo ndivyo inavyokabidhiwa fedha, ambayo ikipotea hutafutwa nyingine, basi mwili wa mtoto una haki zaidi. Swala nayo humlazimu mtu anapobaleghe, lakini tumeagizwa kumwamrisha mtoto akiwa na miaka saba. Na ni nani kati yetu hakuanza kufunga kwa saumu ya nusu siku?

Nilifurahi nilipokuta kwamba wataalamu wa tiba wamefikia mahali hapo hapo kwa njia yao. Uingereza, katika mwongozo uliotolewa mwaka 2016, ilielekezwa kwamba maandalizi ya kumhamisha kijana kwenda huduma ya watu wazima yaanze akiwa na miaka 13 au 14, awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina wa kumwongoza, na aonane na mtu wa kliniki mpya kabla ya kuhama. Katika jimbo la Manitoba, Canada, tangu mwaka 2002 wameweka mtu ambaye kazi yake kubwa ni kuwapigia simu vijana wenye kisukari waliokwisha kuhama: Umekwenda? Umepata miadi? Umekwama wapi? Hapa kwetu simu ipo mkononi mwa karibu kila kijana. Muuguzi mmoja na muda kidogo wa maongezi kila mwezi vingetosha kuanzia.

Majaribio ya nyumbani hayahitaji fedha. Mtoto wa miaka kumi aanze kusoma mwenyewe namba ya kwenye mashine ya kupimia sukari na kuiandika. Akifika kumi na miwili au kumi na mitatu avute dawa mwenyewe, mama akiangalia, maana kuna wazazi wanaomwachia mapema mno wakidhani kujua kudunga ni sawa na kukumbuka kila siku, na hilo nalo ni kosa. Akifika kumi na minne aingie kwa daktari peke yake kwa dakika tano za mwanzo, mzazi abaki nje. Ni dakika tano tu, lakini hapo ndipo atauliza yale asiyoweza kuyauliza mbele ya baba. Akifika kumi na sita ajue jina la kila dawa yake, dozi yake, na nini cha kufanya anapougua homa. Mzazi ambaye mwanawe ana miaka kumi na saba na hajui hayo, aanze leo, wala asione haya.

Ziko sababu za kutochelewa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Canada uliotangazwa mwaka 1993, uliowafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wa umri wa miaka 13 hadi 39, ulionyesha kwamba wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, wakadhibiti sukari kwa uangalifu, walipunguza hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Miaka ya ujana, ambayo ndiyo miaka ya kupotea njiani kati ya kliniki mbili, ndiyo hiyo inayohesabiwa.

Suala la Ramadhani nalo haliepukiki, kwa kuwa kijana anayehamia kwa wakubwa ndiye huyo huyo ambaye saumu imemlazimu na anataka kuonekana mwanamume mbele ya wenzake. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, ukihusisha wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba takriban 43 katika kila 100 wenye aina ya kwanza walifunga siku 15 au zaidi, na matukio ya sukari kushuka kwa hatari yaliongezeka karibu mara tano ndani ya mwezi huo. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula. Kijana anayejificha chooni kunywa maji ya sukari kwa kuogopa macho ya watu, sisi wakubwa ndio tuliomfikisha huko kwa maswali yetu ya barazani.

Jambo la mwisho ni zito zaidi kulitaja, nalo ni ndoa. Nimesikia zaidi ya mara moja kuhusu binti anayeozwa huku wazazi wakimuusia asiwaambie wakweze. Basi chupa ya insulini inafichwa ndani ya sanduku la nguo, kwenye joto, hadi inaharibika. Sindano zinarukwa siku za wageni. Na mimba inaingia sukari ikiwa juu, wakati wiki za mwanzo ndizo viungo vya mtoto vinapoumbika. Mtu anayekuja kuposa aambiwe. Akikubali, amekuwa mmoja wa mashahidi. Akikataa, ni heri amekataa barazani kuliko kumwacha mke wodini. Najua wako mashangazi watakaonuna kwa maneno haya.

Kwa upande wa hospitali, ninaloomba ni dogo: siku moja katika miezi mitatu daktari wa watoto na wa watu wazima wakae chumba kimoja na vijana wanaohama, na badala ya mistari miwili iandikwe barua kamili yenye historia ya dawa, vipimo vya macho na figo, na nakala apewe kijana. Kwa upande wa misikiti, kamati za zaka zitambue kwamba misaada ya insulini kwa watoto mara nyingi ina ukomo wa umri, na kadi ya bima ya mzazi nayo humwacha mtoto akishakua. Kijana asiye na kazi anayeshindwa kununua vijiti vya kupimia sukari ni fakiri kama mafakiri wengine.

Wataalamu wanashauri mwenye kisukari amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Mpwa wangu amekwisha kuandika miadi yake ya mwezi wa Rajabu, kwa mkono wake, katika daftari jipya. Dada yangu ameomba amsindikize, naye amekubali, kwa sharti kwamba mama atasubiri nje ya mlango.