Umri wa Shule Uhesabiwe Tangu Nguzo ya Kwanza

KAULI YA MPAKANI
Na Barasa Owino

Uliza shule yoyote kongwe ya msingi huko Kirewa, wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, ilianza mwaka gani. Utaelekezwa kwenye bango la langoni, au kwenye jiwe la msingi lililopachikwa ukutani siku mgeni rasmi alipokuja kufungua madarasa. Mwaka ulioandikwa hapo mara nyingi ni ule ambao serikali iliitambua shule na kuanza kuwalipa walimu wake. Sasa vuka barabara umuulize mzee anayeota jua mbele ya nyumba yake. Atakwambia shule ilikuwapo kabla hajazaliwa, kwamba babake alikuwa miongoni mwa waliokata nguzo, na kwamba ilikuwa chumba kimoja cha udongo, paa la nyasi, mlango usio na ubao. Mimi namwamini mzee. Mwaka wake ndio unaostahili kuandikwa langoni, na wa serikali ufuate chini yake.

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo jambo hili linapouma. Shule nyingi za vijijini Uganda zimekaa juu ya shamba la mtu aliyesema tu, mbele ya majirani, "Hapa wajengeeni watoto." Hakukuwa na karatasi wala kipimo. Mpaka ulikuwa mti, kichuguu au mfereji. Aliyetoa amekufa, mashahidi wamekufa, na wajukuu wamezaliana hadi shamba halitoshi. Leo mjukuu anasimama na panga kwenye uwanja wa mpira na kusema babu yake aliwakopesha tu. Mwalimu mkuu hana la kumjibu, kwa sababu kumbukumbu za shule zinaanzia pale mkaguzi alipofika. Ule mkutano wa chini ya mti, ambao ndio hati halisi ya shule, haukuandikwa popote. Shule isiyojua ilivyozaliwa haiwezi kujitetea.

Tunajua habari ya jumla ya jinsi shule zilivyoingia huku. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895 na kukabidhiwa upande wa mashariki. Waanglikana wa CMS walikuwa wamewatangulia nchini. Katika miaka hiyohiyo ya kuingia karne ya 20, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alizishika nchi za Bukedi, eneo ambamo Tororo imo, kwa niaba ya Waingereza, na nyuma yake wakaja mawakala na makatekista wa Kiganda. Kule Padhola, nchi ya Wajopadhola ambamo Kirewa imo, dini na kusoma vikaingia kwa mlango mmoja. Nagongera, jirani wa Kirewa, hadi leo ina parokia yake na seminari ya Mtakatifu Pius wa Kumi. Lakini padri mmoja mwenye baiskeli hakuweza kufika kila kijiji. Aliyefika ni katekista, na katekista alihitaji nyumba. Jumapili nyumba hiyo ilikuwa kanisa. Siku za kazi ilikuwa shule.

Nataka tukae kidogo kwenye ujenzi wenyewe, kwa sababu huko ndiko jasho lilikomwagika. Kazi ilingoja kiangazi, kati ya Desemba na Februari, nyasi za kuezekea zikiwa zimekomaa na kukauka. Wanaume walikata nguzo na fito, wakachimba mashimo, wakafunga fito kwa kamba za magome. Udongo wa kichuguu ndio uliotafutwa, kwa kuwa hushikana vizuri kuliko wa shambani. Wanawake waliteka maji kisimani, mtungi baada ya mtungi, na watoto wakaukanyaga udongo hadi ukalainika. Kuta zikakandikwa. Sakafu ikasiribwa kwa samadi mbichi ya ng'ombe, na kusiriba huko kukawa zamu ya kina mama na wasichana kila wiki kwa miaka yote shule iliyodumu. Madawati yalikuwa matuta marefu ya udongo yaliyokauka, yamepangwa yakitazama ubao. Ubao wenyewe ulipofifia ulipakwa weusi upya kwa majani ya kijani yaliyotwangwa pamoja na makaa ya betri kuukuu za tochi. Kengele ilikuwa kipande cha reli au ringi ya gari iliyotundikwa mtini, ikigongwa kwa chuma. Mchwa walikula nguzo, mvua zikaozesha nyasi, na baada ya miaka michache kijiji kilirudi kujenga tena. Hakuna aliyelipwa.

Ndani ya chumba hicho walikaa watoto wa viwango viwili au vitatu kwa pamoja. Walioanza walitazama ukuta huu wakiimba herufi, waliotangulia walitazama ukuta wa pili wakifanya hesabu, na mwalimu mmoja akazunguka katikati. Aliyemaliza hesabu zake alitumwa kwenda kumshika mkono mwenzake mdogo. Aliyewahi kufundisha darasa moja lenye watoto zaidi ya mia atajua ustadi uliotakiwa, na mshahara wa katekista, pale ulipokuwapo, ulitegemea sadaka ya waumini.

Walichosoma hakikuwa lugha yao. Katika sehemu kubwa ya Bukedi kitabu cha kwanza kilikuwa cha Kiganda, kwa hiyo mtoto aliyeamka nyumbani akizungumza Dhopadhola, lugha ya Wajopadhola, alijifunza kusoma kwa maneno ambayo mamake hakuyaelewa. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kichukue nafasi katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alipinga hadharani, Kanisa nalo likapinga, na kufikia 1952 Kiswahili kikaondolewa katika lugha zilizotambuliwa kwa elimu nchini. Ilibidi tungoje Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri la Uganda likakiidhinisha kuwa lugha rasmi na somo la lazima. Katika muda wote huo wafanyabiashara wa miji ya mpakani ya Busia na Malaba walikuwa wakinunua na kuuza kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Lugha ya mama nayo iliingizwa rasmi katika madarasa matatu ya mwanzo kwa mtaala wa 2007. Kizazi cha wazee wa Kirewa kilipita katikati ya mabishano hayo kikiwa na kitabu cha Kiganda mkononi.

Serikali ya kikoloni iliwaachia wamisionari karibu mzigo wote wa shule hadi miaka ya 1920. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, ikiwa na Mwafrika mmoja mashuhuri, James Kwegyir Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), na mwaka uliofuata Uganda ikapata Idara ya Elimu. Idara ikaanza kupanga shule kwa viwango. Zilizofikia kipimo zikapewa ruzuku. Vile vyumba vya udongo vikawekwa chini ya kiwango na kuachwa vijitegemee, na nadhani hapo ndipo tabia yetu ya kuzisahau ilipoanzia. Wakubwa waliona paa la nyasi wakaamua hakuna shule. Baba wa mtoto aliyekuwa ndani, aliyeuza pamba yake ili alipe karo, aliona tofauti.

Pamba ilikuwa kila kitu. Ilivunwa kuelekea mwisho wa mwaka na kuingia Januari, na fedha yake ndiyo iliyogawanywa kati ya kodi, nguo na karo. Bei ikianguka, mtoto alibaki nyumbani, na akibaki mmoja, aghalabu alikuwa msichana. Uzito wa kodi ulifika mahali ambapo Januari 1960 watu wa Bukedi waliwaka, wakawashambulia machifu na kuchoma nyumba. Hizo nazo ni habari za shule, kwa kuwa mfuko uliolipa kodi ndio uliolipa karo.

Sitaki kuwapamba wazee wale kupita kiasi. Chumba kimoja kilikuwa na fimbo nyingi. Kilikuwa na wasichana wachache. Dini iliwagawa watoto wa kijiji kimoja, huyu akaenda kwa Wakatoliki na yule kwa Waprotestanti, hata kama nyumba zao zilitazamana. Historia ninayoidai iseme na hayo pia.

Baada ya uhuru, kuanzia 1963, serikali ilichukua usimamizi wa shule za misheni, na makanisa yakabaki na heshima ya waanzilishi. Sheria ya Elimu ya 2008 bado inawatambua waanzilishi hao. Lakini angalia ni nani anayetajwa mara nyingi: dayosisi, kanisa, msikiti. Kijiji hakimo. Kanisa lilileta katekista na kitabu, ni kweli, na nguzo, maji, udongo, nyasi na ardhi vilitoka kwa watu wa hapo. Naona ni dhuluma kwamba mama aliyesiriba sakafu kwa miaka hana hata mstari mmoja katika habari ya shule hiyo.

Januari 1997 elimu ya msingi bila karo ilipoanza Uganda, wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Madarasa hayakutosha. Watoto walirudi chini ya miembe na ndani ya makanisa, na wazazi wakarudi kukanyaga udongo wa kukandikia, kazi waliyoachiwa na baba zao. Ruzuku za ujenzi zilikuja baadaye, zikaja na mabati na saruji. Ilikuwa heri kubwa. Ila nyumba za zamani zilibomolewa kwa haraka, na mara nyingine makaratasi yaliyokuwa ndani yakaishia kuwashia moto jikoni mwa shule.

Hayo makaratasi ndiyo ninayoyalilia zaidi. Rejista ya kuandikisha wanafunzi ina jina la mtoto, la mzazi, kijiji, dini, siku aliyoingia, siku aliyotoka na sababu. Kitabu cha mahudhurio ni kumbukumbu ya afya ya tarafa nzima. Huko Nagongera, kabla upuliziaji wa dawa ya mbu majumbani haujaanza mwishoni mwa 2014, watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Fungua vitabu vya mahudhurio vya miaka hiyo na utaona nafasi tupu zinavyoongezeka mvua zikinyesha. Na kitabu kitakachoruka kutoka Machi 2020 hadi Januari 2022 kitawaambia wajukuu kwamba shule za Uganda zilifungwa kwa muda mrefu kuliko kwingine kokote duniani, huku ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa Busia yetu ya Kenya, kengele zikiwa zimeanza kulia tena kwa madarasa yote tangu Januari 2021.

Wapo watakaosema historia ni kazi ya wasomi wa Makerere. Lakini hata mwanahistoria Bethwell Allan Ogot, mzaliwa wa Gem, Kenya, aliyetutoka Januari 2025, alivuka mpaka akaketi na wazee wa Padhola, akawasikiliza, na simulizi zao zikaingia katika kitabu chake cha 1967 kuhusu historia ya Waluo wa kusini. Wazee wale walikumbuka mambo ya vizazi vingi nyuma. Wa leo wanaulizwa ya utoto wao tu. Watu wenye miaka 80 na zaidi, waliokalia yale matuta ya udongo, bado wanatembea sokoni. Miaka 10 ijayo wengi wao hatutakuwa nao.

Kamati za shule za Kirewa zinaweza kuanza muhula ujao bila kungoja bajeti ya mtu. Wanafunzi wa darasa la sita wapewe daftari moja la kurasa 96 kwa kila kijiji kinacholeta watoto shuleni. Wawaulize wazee na kina mama maswali haya: nani alitoa ardhi na mpaka wake ulikuwa wapi, nani alikata nguzo, nani alifundisha kwanza, karo ilikuwa kiasi gani na ililipwa kwa kitu gani, wasichana wangapi walikuwamo. Majibu yaandikwe kwa Dhopadhola kama msemaji alivyotamka, kisha mwalimu ayatafsiri. Mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC) atie sahihi pale panapotajwa mipaka ya ardhi, mashahidi wakiwapo. Rejista za zamani zitolewe stoo, zikaushwe juani, zipigwe picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Nakala moja ibaki kwenye kabati la mwalimu mkuu, nyingine iende parokiani au kwa mchungaji, ya tatu ipelekwe kwa ofisa wa elimu mjini Tororo, naye aipokee kwa maandishi.