Saratani ya panya na funzo kwa vibarua wa Thika na Ruiru

KWA miaka mingi wakazi wa Thika na Ruiru wamejipatia riziki katika viwanda vya nguo, ngozi na maziwa, na katika mashamba ya kahawa na mananasi. Kibarua wa huko anaposikia kwamba kemikali fulani imewasababishia panya saratani ya kibofu cha mkojo, aghalabu huingiwa na hofu, au hupuuza akisema yeye si panya. Yote mawili ni makosa.

Kemikali huleta saratani kwa njia mbili kuu. Zipo zinazoharibu jeni za seli moja kwa moja. Nyingine haziziharibu jeni, bali huuchubua utando wa ndani wa kibofu. Seli hufa, zilizosalia huzaliana kwa kasi kuziba pengo, na kadiri zinavyogawanyika ndivyo makosa ya kunakili jeni yanavyoongezeka. Uchubuzi usipokoma, uvimbe huweza kuzuka.

Mfano mashuhuri ni sakarini, utamu usio na sukari. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilitaka kuipiga marufuku baada ya panya dume kupata saratani ya kibofu. Baadaye iligunduliwa kwamba kwa kulishwa sakarini nyingi mno, mkojo wa panya hao, ambao ni mzito na wenye protini tele, hufanya chembe ngumu zinazokwaruza kibofu. Mkojo wa binadamu haufanyi hivyo. Isitoshe, panya walipewa chakula chenye asilimia 5 ya sakarini au zaidi. Mtu anayekula kilo moja ya chakula kwa siku angelazimika kumeza gramu 50, sawa kwa utamu na takriban kilo 15 za sukari. Mwaka 2000 Marekani iliiondoa sakarini katika orodha ya visababishi vya saratani.

Hata hivyo, panya hapaswi kudharauliwa. Melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, huwafanyia panya mawe ya kibofu, na mawe hayo huleta uvimbe. Mwaka 2008 ilipochanganywa katika maziwa ya watoto nchini China, watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi wao kwa mawe ya figo, na angalau sita wakafariki. Mji unaosindika maziwa, kama Ruiru, hauwezi kulisahau tukio hilo. Nasi hapa nchini tunajua kwamba uchubuzi wa muda mrefu humdhuru binadamu pia: kichocho cha mkojo, kinachopatikana Pwani, huacha mayai katika kuta za kibofu na huweza kuishia kwa saratani.

Kundi la kwanza ndilo la kuogopwa zaidi. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Ujerumani aliripoti saratani ya kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Baadaye lawama ziliangukia kemikali kama benzidini na naftilamini, ambazo huharibu jeni. Mwaka 1938 naftilamini ilithibitishwa kuleta saratani hiyo kwa mbwa, ilhali panya hawakuwa wameitoa siri yake kwa urahisi.

Hivyo basi, swali la kuuliza kiwandani si kama panya aliugua tu, bali aliugua kwa njia gani na kwa kiasi gani. Kemikali inayochubua huwa na kiwango ambacho chini yake haina madhara. Kinachohitajika ni kupima na kusimamia. Inayoharibu jeni haichukuliwi kuwa na kiwango salama; hiyo yafaa ibadilishwe, au ifungiwe isimguse mfanyakazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka wafanyakazi wapewe maelezo ya usalama kuhusu kemikali wanazozishika. Maelezo hayo yasiachwe kabatini mwa meneja. Yasomwe kwa lugha ambayo kibarua anaielewa, kabla hajavaa glavu.