Mnacheka padi kabla ya kuishika

Nilikuwa nimepanga leo tuendelee na yale masomo yetu ya Python, lakini yatangoja. Kuna jambo linanikera, na nisipolisema nitalala nalo. Novemba 2025 kampuni ya Valve ya Marekani ilitangaza padi mpya ya kuchezea gemu, Steam Controller. Chini ya vile vijiti viwili tulivyovizoea wameweka vibao viwili vya mraba vya kugusa, kama kile cha laptopu, kimoja kwa kila kidole gumba. Ni hivyo tu! Picha zikafika huku ng'ambo, Likoni mpaka Kisauni mpaka Changamwe, na kabla mtu hajauliza vibao hivyo ni vya kazi gani, hukumu ikawa imeshatoka. Mbaya. Nene. Imekaa kama jiko la gesi. Nani atacheza FIFA na kitu hicho? (Najua gemu hiyo ilibadilishwa jina mwaka 2023. Nenda kibandani uwaambie wao.)

Kwa msomaji asiyecheza, padi ni kile kifaa unachoshika kwa mikono miwili, chenye vitufe na vijiti. Vitabuni utakuta "kidhibiti". Kibandani ukisema kidhibiti watakutazama kama umetoka ubalozini.

Mimi kicheko hiki sikikubali, na sababu yangu si mapenzi ya Valve. Sina hisa kwao. Nasema hivi: mtu anayecheka padi ambayo hajawahi kuishika hatoi maoni kuhusu padi. Analinda vidole gumba vyake. Amekaa miaka kumi kibandani akijifunza kupiga chenga kwa kijiti cha kushoto na kupiga shuti kwa kitufe cha duara, na ujuzi huo ndio heshima yake pale mtaani. Kikija kifaa kinachofanya wote tuanze mwanzo, anaona cheo chake kinataka kuondoka. Basi anacheka. Ni jambo la kibinadamu, lakini tusiliite uchambuzi wa teknolojia, tafadhali!

Hiyo padi mnayoitetea nayo iliwahi kuonekana kituko. Ile alama ya msalaba upande wa kushoto ilitokana na kazi ya Gunpei Yokoi wa Nintendo, kwenye kimashine cha mkononi cha Donkey Kong mwaka 1982. Kabla ya hapo watu walizoea kushika kijiti kama gia ya gari. Na yale masikio mawili ya kushikia ya PlayStation, yaliyotoka mwaka 1994, nusura yasizaliwe. Mbunifu wake, Teiyu Goto, amesimulia kwamba wakubwa ndani ya Sony walitaka padi bapa, kwa hofu kwamba wateja waliozoea ya Nintendo wangekimbia. Aliyewapinga ni rais wa kampuni, Norio Ohga. Kwa hiyo umbo mnaloliona leo kama sheria ya maumbile lilipona kwa sababu mzee mmoja alikataa kuwasikiliza waliosema "watu hawajazoea".

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Tokyo. Tarehe 16 Septemba 2005, Satoru Iwata, rais wa Nintendo, alisimama jukwaani kwenye maonyesho ya Tokyo Game Show akaonyesha kitu kama rimoti ya TV. (Iwata alikuwa mwandika programu kabla ya kuwa rais, jambo ambalo sisi wa kazi hii tuna haki ya kujivunia kidogo.) Ilifuata video ya watu wakipunga mikono: mmoja anavua samaki, mwingine anakata mboga, mwingine anapiga ngoma. Gemu zenyewe hazikuonyeshwa kabisa. Basi maneno yakaanza. Kichezeo cha watoto. Mikono itachoka. Nintendo wamekwisha. Na mwaka uliofuata mashine ilipopewa jina Wii, wakapata la kuchekea tena.

Hesabu mnaijua? Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 101, kuliko PlayStation 3 na kuliko Xbox 360. Na wanunuzi hawakuwa mabingwa wa vibandani. Walikuwa akina mama, mabibi na mababu, watu waliowahi kupewa padi ya kawaida mkononi, wakaona vitufe zaidi ya kumi, wakairudisha. Mtu yeyote anajua kurusha mkono. Hakuhitaji miaka kumi ya mazoezi ili amfunge mjukuu wake tenisi, na mjukuu ndiye aliyekasirika!

Mwenye jicho la ufundi angeliona hilo mapema kama angeacha kucheka dakika tano. Ndani ya rimoti ile kulikuwa na kihisi kidogo cha kupima mtikisiko na mwinamo, na mbele yake kamera ya miale ya infraredi. Ile fimbo iliyowekwa juu ya TV, ambayo watu walidhani ndiyo yenye akili, haikutuma habari yoyote. Ilikuwa taa tu, mafungu mawili ya taa za infraredi, moja kila upande. Kamera ya rimoti inaona nukta mbili, programu inapiga hesabu rimoti imeelekea wapi. Ukikosa fimbo, weka mishumaa miwili mbele ya TV na rimoti itafanya kazi. Mishumaa! Mwaka 2007 mtafiti Johnny Chung Lee, akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alitumia rimoti hiyohiyo na kalamu yenye taa ya infraredi akageuza ukuta wa kawaida kuwa ubao wa kuandikia wa kompyuta. Hayo yote yalikuwa ndani ya kile walichokiita kichezeo.

Najua mtakalonijibu. Mtanitajia glavu ya Power Glove ya mwaka 1989, mtanitajia Kinect, mtanitajia hata hiyo Steam Controller ya kwanza, iliyotoka mwaka 2015 na kumalizwa kwa bei ya dola 5 mwaka 2019. Sawa, nakubali zote. Si kila kitu cha ajabu ni kizuri. Ila angalieni zilivyohukumiwa: zilitumika kwanza. Kinect ya mwaka 2010 ilitaka usimame kama mita 2 mbele ya kamera, na nani huku Mshomoroni ana mita 2 tupu sebuleni, kati ya kochi na meza ya TV? Hiyo ni lawama ya haki. Hata Wii yenyewe ilipata yake: mwaka 2006 watu walizirusha rimoti mpaka kwenye vioo vya TV, kamba za mkononi zikikatika, na Nintendo ikajitolea kubadilisha kamba milioni 3.2. Aliyelalamikia kamba alikuwa ameshika kitu. Nyinyi mmeshika nini?

Na kicheko kinaweza kuua. Mwaka 2005 Sony ilionyesha PlayStation 3 pamoja na padi yenye umbo la mwezi mchanga, ikaitwa bumerangi, ikapewa na majina mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Ilikuwa sampuli ya kutazamwa tu, wachezaji hawakuicheza. Mwaka uliofuata Sony ikarudi na umbo la zamani. Je, bumerangi ingekuwa nzuri kwa mikono fulani? Hatutapata jibu kamwe.

Sasa niwaambie kama mwandika programu, kwa sababu hapa ndipo ninaposhindwa kabisa kuwaelewa. Kompyuta haina habari padi yako ina umbo gani. Ukichomeka kifaa kwenye USB, kinajitambulisha: mimi nina vitufe 16 na mihimili 4, nitakuwa natuma baiti kadhaa kwa mpangilio huu. Basi. Baada ya hapo ni namba tu zinapita: kitufe cha tatu kimebonyezwa, mhimili wa kwanza uko 127. Namba hizo zinaweza kutoka kwenye kijiti, kibao cha kugusa, kanyagio la mguu, au kifuu cha nazi ulichofungia waya. Gemu halitajua. Umbo ni jambo la mwili wa mchezaji peke yake, na miili haifanani.

Pale mtaani kwetu Kisauni kuna kijana ambaye mkono wake wa kushoto haukupona sawasawa baada ya ajali ya bodaboda. Zamani alikuwa hafungiki. Siku hizi anakuja kibandani jioni, anakaa kwenye benchi, anatoa ushauri. "Mpe pasi, mpe pasi huyo!" Anajua mpira kuliko wanaocheza. Hashindwi na gemu, anashindwa na plastiki iliyotengenezwa kwa imani kwamba kila mtu ana vidole gumba viwili vilivyo sawa. Na waliokaa naye benchi moja ndio haohao waliocheka picha ya Novemba.

Ajabu ni kwamba hili sisi wa bara tulipaswa kulijua kuliko watu wote. Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha walemavu cha APDK, ziko hapahapa, matatu moja tu. Watu wenye ulemavu wanafanya kazi ya ufundi hapo miaka yote hii, na hakuna aliyewaambia warefushe miguu ili ifae benchi. Pale feri ya Likoni mnapishana na baiskeli za magurudumu matatu zenye pedali za mkono, usawa wa kifua. Mmewahi kumcheka mtu kwamba pedali yake iko mahali pasipozoeleka? Na tuktuk, jamani! Tuktuk haina usukani wa duara, ina mikono kama ya pikipiki, na nusu ya Mombasa inafika kazini nayo.

Microsoft waliona hili mwaka 2018 walipotoa Xbox Adaptive Controller. Ni ubao bapa wenye vitufe viwili vikubwa kama visosi, na nyuma una matundu 19 ya milimita 3.5, ukubwa uleule wa tundu la vipokea sauti vya masikioni. Kila tundu ni kitufe kimoja. Unachomeka swichi yoyote: ya kiwiko, ya goti, ya kidevu. Hata boksi lake lina vitanzi ili mtu alivute bila kuhangaika na vidole. Sony nao wakafuata na Access mwaka 2023.

Hapo ndipo ningependa tupige kelele. Ile ya Microsoft ilitoka kwa dola 100 kasoro senti moja, yaani karibu shilingi elfu 13 kwa kiwango cha siku hizi, kabla ya usafiri na ushuru, na swichi za kuchomeka zinauzwa kando. Hiyo ndiyo aibu, si umbo! Ulizeni bei. Ulizeni kama kifaa kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Ulizeni vijiti vyake ni vya kusuguana, vile vinavyolika mpaka mchezaji anatembea peke yake uwanjani, au ni vya sumaku visivyogusana. Sega walitumia sumaku kwenye padi ya Dreamcast mwaka 1998, kwa hiyo mtu asituambie haiwezekani. Ulizeni kwa nini mashine nyingi za sebuleni hukataa kifaa ambacho hakikuidhinishwa na mwenye mashine, wakati kompyuta hupokea chochote kinachojitambulisha vizuri.

Kwa sababu ya hilo la mwisho, ya kwetu itaanzia kwenye kompyuta. Nina kibodi ya saketi yenye chipu ya ATmega32U4, ambayo inaweza kujitambulisha kama padi bila ujanja wowote, nina vitufe sita vikubwa, na fundi seremala amenikatia ubao wa kulalia kiganja cha kulia. Programu yake haijafika mistari mia mbili. Kilichobaki ni mahali pa kuijaribu, na wenye vibanda wawili wameshaniambia kwamba kitu hicho "kitatia wateja aibu". Mwenye kibanda yeyote kuanzia Bombolulu hadi Mtopanga aliye na plagi moja ya ziada, anitafute. TV na laptopu nitabeba mwenyewe, na mechi ya kwanza atacheza yule wa benchini.