Kwenye dosye ya viza, usimwite mchumba wako "rafiki"

Hapa Kalemie kuna ushauri mmoja unaozunguka sokoni, kwenye vibanda vya fotokopi na hata nje ya makanisa baada ya ibada. Unasema hivi: kama una mchumba Ulaya na unataka kwenda kumtembelea, usiseme kama ni mchumba. Sema ni rafiki, sema ni mtu uliyefanya naye kazi zamani. Eti watu wa ubalozi wakiona neno mapenzi wanafunga dosye palepale. Mimi napinga. Ushauri huo umekwisha kula pesa za watu, na wanaoutoa ni walewale komisionere wanaolipwa kabla ya jibu kutoka.

Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyenipa ruhusa nieleze habari yake bila jina. Mchumba wake alikaa kwetu miaka miwili kwenye kazi za maji ya kunywa, na kabla ya kurudi kwao alikwenda kujionyesha kwa wazazi wa dada, na wazee walimpokea. Nchi ya huyo bwana siitaji. Inatosha kujua kama ni moja ya zile 29 za Schengen, ambazo viza ya matembezi ya moja inafungua mipaka ya zote, siku 90 ndani ya kila siku 180. Mama yake bwana ni mgonjwa, hawezi kupanda ndege, na anataka kumuona mkwe wake. Wakapanga wiki tatu wakati wa likizo kubwa. Hakuna zaidi.

Komisionere akamwandikia dada barua ya mistari minne: naenda kutalii, nitafikia kwa rafiki. Upande wa pili, bwana naye alikuwa ameandika barua yake, na ndani yake alisema waziwazi "mchumba wangu". Dosye moja ikawa na midomo miwili. Jibu lilikuja kwenye karatasi yenye visanduku vilivyotiwa alama: maelezo ya safari hayaaminiki, tena kuna shaka kama mwombaji atarudi kwao kabla viza haijaisha.

Wanaosema "jaribu tu, ukikosa utarudia" wahesabu kwanza. Viza yenyewe ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Kuna bima ya safari, ambayo lazima ifikie euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani. Kuna alama za vidole, na vidole havitumwi kwa WhatsApp, lazima mwenyewe ufike. Kwa mtu wa Tanganyika, kufika Kinshasa ni ndege, na baada ya ndege ni kulala kwa ndugu au kwa kulipa. Jibu kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45. Mwalimu wetu alitumia akiba ya karibu miaka miwili. Komisionere hakurudisha hata dola moja.

Halafu tuangalie karatasi ya dhamana, ile watu wanayoiita prise en charge. Tuchukue mfano wa Ubelgiji, kwa kuwa ndiko ndugu zetu wengi wako. Anayekualika anakwenda komine yake, anaonyesha mshahara wake, anatia sahihi kama yeye ndiye atalipa makao yako, hospitali yako na hata tiketi ya kukurudisha ukishindwa, na deni hilo linamfuata miaka miwili tangu siku uliyoingia. Sasa wewe mwenyewe ujiulize: ni nani anayejifunga shingo namna hiyo kwa ajili ya "rafiki" tu? Yule anayesoma dosye si mtoto. Akiona dhamana nzito na uhusiano mwepesi, anajua kuna kitu kimefichwa, na mtu aliyeficha kitu kimoja anaweza kuficha na cha pili.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Wanasema: dada kijana, hajaolewa, mshahara mdogo, mpenzi Ulaya. Ukisema ukweli, umewapa sababu ya kuamini kwamba hutarudi. Ni kweli, mapenzi ni sababu ya kubaki. Lakini dawa yake ni kuonyesha sababu za kurudi. Mwalimu ana kazi, basi aweke hati ya kazi na barua ya konje iliyotiwa sahihi na mkuu wa shule, yenye tarehe ya kurudi darasani. Kama ana mtoto au mzazi anayemtunza, aandike. Na mapenzi nayo yana ushahidi wake: viza na mihuri kwenye paspoti ya bwana, tiketi zake za kuja Congo, foto za siku ya kujionyesha pamoja na wazee wa pande zote. Mambo hayo yanaonyesha watu wanaojuana na wanaotembeleana kwa zamu, si watu wanaotafuta mlango wa nyuma. Na kama mpango ni kuoana na kukaa hukohuko, kuna viza nyingine za kazi hiyo. Hii ya matembezi isigeuzwe.

Hapa lazima niguse Leta yetu, kwa sababu ubalozi unabeba lawama nyingi ambazo nusu yake ni za kwetu. Mtu anaambiwa athibitishe maisha yake kwa karatasi, na karatasi zenyewe hatuna. Kitambulisho chetu cha kila siku ni kadi ya mpiga kura. Mtoto asipoandikishwa komine ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, cheti chake kinahitaji uamuzi wa tribinali, na watu wazima wangapi humu mjini walianza kutafuta cheti siku walipotaka paspoti? Kiwanja tunanunua kwa karatasi ya mkono na muhuri wa shefu wa kartie. Dada ana kiwanja, amekwisha kuchoma na matofali, lakini machoni pa mtu wa ubalozi ile karatasi ni barua tu. Katika pengo hilo ndipo komisionere anapata mkate wake: anakukopesha dola uziweke benki siku tatu, anatoa karatasi ya benki, anazichukua tena na faida juu. Wanaosoma karatasi za benki kila siku wanaona pesa iliyoingia juzi. Na tukumbuke kama ombi lako, pamoja na vidole vyako, vinaweza kubaki kwenye mashine yao ya pamoja miaka mitano. Ukikamatwa na karatasi ya uongo leo, ofisi ya nchi nyingine ya Schengen itaiona kesho.

Ubalozi nao nisiuache hivihivi. Kisanduku chenye alama si maelezo. Mtu aliyesafiri kutoka ziwani, akalala wiki nzima Kinshasa, anastahili mistari miwili ya kumwambia ni karatasi gani haikuaminiwa na kwa nini. Sheria yao inawapa nafasi ya kumwita mwombaji kwa mazungumzo. Basi wamwite, wamuulize juu ya mchumba wake, watasikia haraka kama ni uongo. Ubelgiji inakupa siku 30 kushitaki uamuzi mbele ya baraza la kesi za wageni kule Brussels, lakini hiyo ni kazi ya wakili, kwa Kifaransa au Kiholanzi, na baraza lenyewe halitoi viza. Kwa mwalimu wa Kalemie, haki hiyo iko mbali kama mwezi. (Mji huu uliwahi kuitwa Albertville, jina la mfalme wa Wabelgiji. Sijasikia kama waliokuja kuuanzisha waliombwa karatasi ya benki.)

Wengine wamechoka, wanakutana katikati, Kigoma au Dar es Salaam. Mzungu analipa dola 50 za viza ya Tanzania, mwenzake anavuka ziwa. Siwalaumu, ni njia nzuri kwa wapenzi wawili. Lakini haimfikishi mkwe mbele ya mama aliyelala kitandani Ulaya.

Neno langu kwa mliokwisha anza: kabla ya kupeleka dosye, pigianeni simu na kila mmoja amsomee mwenzake barua yake kwa sauti. Mlijuana mwaka gani, mwezi gani, nani alimtembelea nani, nani analipa nini. Mkipishana, rekebisheni barua isiyosema ukweli, msimlipe mtu mwingine awatungie hadithi ya tatu. Mwalimu wetu ameanza upya, safari hii bila komisionere. Barua ameiandika mwenyewe usiku kwa mwanga wa simu, ukurasa mmoja na nusu, na neno mchumba liko kwenye mstari wa kwanza. Likizo ya mwaka huu imekwisha kupita. Anangojea ya mwaka kesho, na anaomba yule mama awe bado yupo.