Mwezi wa Bluu Huja Mara Nyingi

Mikocheni, Dar es Salaam, muulize aliyesomea inglishi midiamu kama huwa anafika kijijini kwao. Huenda akakujibu: mara moja, mwezi wa bluu ukitokea. Ukimbana, atakueleza bila wasiwasi kwamba ni usiku ambao mwezi hugeuka rangi, jambo la nadra mno lililohesabiwa na Wazungu tangu zama za kale.

Hakuna hata moja lililo sahihi hapo.

Wengi leo huita "mwezi wa bluu" ule mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda. Agosti 2023, Dar es Salaam ilipata mpevu tarehe 1, saa 3:31 usiku, na mwingine tarehe 31, saa 10:36 alfajiri. Bluu ilikuwa kwenye picha zilizopakwa rangi tu. Mwezi huweza kuonekana wa bluu kweli hewa ikijaa moshi au vumbi, kama baada ya mlipuko wa Krakatoa mwaka 1883, na hapo haijalishi ni mpevu wa ngapi.

Nayo hesabu hiyo ya "wa pili" si ya kale. Ilizaliwa na kosa. Machi 1946, mwandishi James Hugh Pruett aliandika hivyo katika jarida la Marekani, Sky & Telescope, baada ya kuielewa vibaya almanaka ya wakulima wa jimbo la Maine, iliyokuwa ikiutaja hivyo mpevu wa tatu katika msimu wenye mipevu minne. Jarida lilikiri kosa mwaka 1999, watu wakiwa wameshazoea. Usemi wenyewe wa "mwezi wa bluu" ni mkongwe zaidi, ila ulianza na kazi nyingine: kijitabu cha Kiingereza cha mwaka 1528 kiliwakejeli makasisi kwamba wakisema mwezi ni wa bluu, waumini sharti waitikie. Hapo ulimaanisha uongo mtupu, kama paka kuota pembe. Uadimu ulikuja baadaye.

Ajabu ni watu wa pwani kuyameza haya. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30; mpevu wake ni mmoja tu. Pale Msasani, jirani na Mikocheni, mvuvi wa dagaa anayetegemea taa anajua mbalamwezi itamharibia kazi na bamvua linakuja. Wa kwanza au wa pili wa Agosti, yamhusu nini? Na lugha yake tayari ina "adimu kama wali wa daku".

Turudi kwa bwana wa Mikocheni. Mwezi wake huja takriban mara 7 katika miaka 19, na mwaka 2018 ulikuja Januari, kisha tena Machi 31, mkesha wa Pasaka. Angeshika ahadi yake, kijijini wangemwona mara mbili kabla masika hayajakolea.